Kura Yangu ya 2027 Inaanzia Zahanati

MPWA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Niko na shangazi yangu hapa Mombasa, na leo tunaongea kuhusu uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027. Shangazi, shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Nawasalimu nyote mnaotusikiliza.

MPWA: Naanza bila kuzunguka. Unampigia nani?

SHANGAZI: Bado sijui. Naona wenzangu wameshaanza na majina: nani kahama chama, nani kaungana na nani. Mimi nimeanza na jambo, na jambo lenyewe ni afya. Namtafuta atakayenieleza mtu asiye na mshahara atailipiaje bima ya afya, na akishalipa, dawa ataikuta?

MPWA: Hilo tu? Maana mimi ningeanza na kodi. Juni 2024 vijana tuliingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Mwanzoni ulitaka hata mkate utozwe VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16, na mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Tarehe 25 watu waliuawa. Kesho yake rais akasema hatautia saini. Vijana wenzangu hawajasahau, wala mimi.

SHANGAZI: Wala mimi sijasahau. Wale walikuwa watoto wetu, na mgombea asiyekuwa na neno la kuwaambia wazazi wao asije mlangoni kwangu. Lakini sikiliza, mwanangu, hiyo kodi yako na afya yangu ni kitu kimoja. Makato ya afya si kodi? Kwenye mshahara wako hayapo?

MPWA: Yapo. Asilimia 2.75 ya mshahara wote. Juu yake kuna asilimia 1.5 ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu.

SHANGAZI: Basi tuanzie hapo. Zamani NHIF, bima ya taifa ya wakati ule, ilikuwa na kikomo, mwenye mshahara mkubwa hakuzidisha 1,700 kwa mwezi. Tangu Oktoba 2024 tulipoingia SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, kikomo kimeondoka, na mwenye mshahara wa laki moja anakatwa 2,750. Wako wanaolalamika. Mimi hilo nalikubali, aliyepata zaidi achangie zaidi. Hiyo ndiyo maana ya bima ya jamii.

MPWA: Wenzangu kazini hawatakupenda.

SHANGAZI: Wasinipende, ndiyo imani yangu. Kinachoniuma ni huyu mama anayekaanga samaki, kijana wa bodaboda, fundi cherehani. Zamani alikuwa akilipa 500 kila mwezi. Sasa anaulizwa paa lake ni la nini, choo chake cha namna gani, ana mbuzi wangapi, kisha mtambo unamkadiria. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na ukisikia 300 utasema nafuu. Ila anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo! Aliye chini kabisa atoe 3,600 siku moja. Mtu anayenunua samaki alfajiri na kuhesabu faida magharibi, hizo 3,600 atazitoa wapi?

MPWA: Si kuna mpango wa kukopeshwa, halafu unalipa pole pole?

SHANGAZI: Upo, nimeusikia. Lakini kwa nini maskini akope ili apate haki yake? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Mama huyu anatuma na kupokea pesa kwa simu kutwa nzima. Mruhusuni atume shilingi 10 au 20 kila jioni, na kadi iwe hai kadiri anavyolipa. Na yule asiyekuwa hata na hizo kumi, serikali imlipie. Ilitangaza 2025 kwamba itawalipia wasiojiweza. Mgombea atuambie orodha hiyo inaandikwa na nani, na jirani yangu aliyepooza yumo au hayumo.

MPWA: Wengi wamejisajili lakini hawalipi. Si ndiyo shida yenyewe ya mfuko?

SHANGAZI: Hawalipi kwa sababu ya huo mkupuo, na kwa sababu ya pili ambayo ni nzito kuliko ya kwanza: hawaamini. Kuna mzee wa mtaani kwetu alilipa, akaenda hospitali moja ya hapa Pwani na kadi yake. Akaambiwa mtambo hausomi, alipe taslimu. Ilibidi watoto wake wafungue kundi la mchango WhatsApp usiku uleule. Unadhani majirani waliochanga usiku ule watakwenda kulipa bima?

MPWA: Hawaendi.

SHANGAZI: Na usisahau sheria yenyewe ilivyozaliwa. Ilipitishwa 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kisha Mahakama ya Rufani ikaisimamisha ile hukumu na mpango ukaendelea. Sisi tutakaolipa tulifikiwa mwisho. Ndiyo maana safari hii nataka kuuliza mapema, kabla ya kura.

MPWA: Shangazi, utamuuliza rais habari za dawa za zahanati ya mtaa wenu?

SHANGAZI: Ahaa, hapo ndipo watu wengi wanapopotezwa! Tunapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Tangu ugatuzi uanze 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya gavana. Dawa ya presha ikikosekana, ni gavana ndiye wa kuulizwa kama kaunti imenunua, na kama ilimlipa aliyemuuzia. Kiwango cha makato ni sheria, kwa hiyo muulize mbunge. Seneta anasimamia mgao wa kaunti. Mwakilishi wadi ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti na kumhoji gavana. Rais ana sera na hospitali kuu za rufaa. Sasa mtu akija akakwambia "nitatibu nchi nzima bure", muulize kwa karatasi ipi.

MPWA: Na madaktari? 2024 waligoma siku 56.

SHANGAZI: Kuanzia Machi hadi Mei. Walimtaka nani awalipe? Serikali kuu inaelekeza kidole kaunti, kaunti zinasema pesa hazijashuka kutoka Nairobi. Katikati yupo mama mjamzito amekaa kwenye benchi. Nampa kura gavana atakayesema mishahara ya wauguzi inatoka tarehe gani na atapunguza nini ili itoke. Maana lazima apunguze kitu. Deni la nchi limepita trilioni 10, na riba inalipwa kabla hatujanunua hata panadoli. Mwaka 2001 kule Abuja nchi za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Hatujafika. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, kazi za kliniki za ukimwi zikavurugika. Tulijenga juu ya ukarimu wa mtu mwingine. Mgombea asiyegusa deni, ahadi yake ya afya siichukulii kwa uzito.

MPWA: Nikwambie kweli? Mimi nilikuwa nimeamua nisipige kura. Rafiki zangu wengi hata hawajajiandikisha.

SHANGAZI: Uchungu wenu naujua. Ila 2022 tulijiandikisha watu milioni 22, na vijana wa miaka 18 hadi 34 hamkufika asilimia 40 ya hao. Mlipungua kuliko 2017. Mlipoingia barabarani 2024, Bunge lilitetemeka. Kwa nini mwaachie wengine wawachagulie watakaokaa ndani ya jengo lile? Tume ya uchaguzi inasajili. Beba kitambulisho chako, uende, uwachukue na hao rafiki zako.

MPWA: Nitakwenda. Lakini nikuulize la mwisho. Mgombea ugavana mwenye majibu mazuri ya afya akiwa chama kimoja na mgombea urais usiyemtaka?

SHANGAZI: Nitampa yeye karatasi ya ugavana, na urais nitampa mwingine. Tunaambiwa tupige chama kimoja kutoka rais mpaka mwakilishi wadi. Sitafanya hivyo.

MPWA: Hata akiwa wa kabila jingine? Au wa bara?

SHANGAZI: Hata akiwa nani. Muuguzi aliyenizalisha mtoto wangu wa mwisho alitoka Kisii, na sikumuuliza kabila. Wakija kwenye mkutano wadi yetu nitasimama na kuuliza swali moja: mama wa samaki ataruhusiwa kulipa bima kidogo kidogo kila siku, ndiyo au hapana, na sheria hiyo utaipeleka Bungeni lini? Wewe uwe umeshika simu, urekodi jibu.

MPWA: Nitarekodi, na tutalicheza hapa kwenye kipindi.