Beit al-Ajaib: Jiwe, Chuma na Maji

Assalaam aleikum. Asanteni kwa kuja. Mliosimama mlangoni sogeeni ndani, nafasi bado ipo.

Kabla sijaanza, naomba jiwe hili lipite mkono kwa mkono. Ni tumbawe, limetoka kwenye ukuta wa nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe iliyobomoka. Lisugueni kwa kidole gumba, mtaona unga mweupe unabaki kwenye ngozi. Ukuta wetu ndio huo: tumbawe na chokaa. Mvua ikinyesha hunywa maji, jua likiwaka huyatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiupiga lipu ya saruji unauziba pumzi, maji yanabaki ndani yakiula kimyakimya.

Juu ya ukuta wa namna hiyo wazee walilaza boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, haivutwi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na mti.

Sasa Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipojenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883 pale mbele ya Forodhani, alitaka kumbi pana na roshani zinazozunguka jumba zima, ghorofa juu ya ghorofa. Mikoko isingeweza. Ikaletwa mihimili ya chuma na nguzo za chuma kutoka ng'ambo. Baadaye likaingia umeme, ikaingia na lifti, ya kwanza Afrika Mashariki. Watu walipoliita jumba la maajabu hawakuwa wanalipamba. Kwa macho yao ilikuwa kweli tupu. Vivuko vya juu kwa juu viliunganisha jumba hilo na majumba jirani, ili wanawake wa kifalme wapite bila kuonekana na watu wa chini.

Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Uingereza zilifungua mizinga. Sultani wa wakati huo, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash amekalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Vita haikufika hata saa moja, lakini waliokufa na kujeruhiwa upande wa Khalid wanakadiriwa kufika 500. Wengi hukitaja kisa hiki kwa ufupi wake, eti vita fupi kuliko zote duniani. Mimi huumia nikisikia hivyo. Wale walikuwa watu. Beit al-Hukm, jumba la jirani, liliharibiwa vibaya, na mnara uliokuwa mbele ukaanguka. Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Mwaka uliofuata likajengewa mnara wa saa kwenye uso wake, ule tulioukuta sisi.

Likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na mwishowe makumbusho. Ndani kulikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja. Nilikuwa nikisimama mbele yake nahesabu mishono mpaka nikipotewa na hesabu.

Lakini tazameni ile ndoa ya jiwe na chuma. Chuma kikipata kutu hutanuka. Hewa ya pwani ina chumvi, na paa likivuja maji hufuata mhimili hadi ndani ya sakafu. Kutu inavimba, sakafu inapasuka, ufa unakaribisha maji zaidi. Kilichowapa wazee wetu roshani zile za ajabu ndicho kilichokuwa kikiugua miaka yote hiyo, na ugonjwa ulionekana. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, jumba likafungwa kwa wageni.

Halafu tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, upande wa mbele ukaporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili waliokuwa kazini walifariki. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tukihesabu tulichopoteza siku ile, hao ndio wa kwanza. Jumba ni la pili.

Miaka minane ni mingi kwa paa linalovuja. Nyumba ya chokaa haingoji mradi mkubwa. Inataka mtu apande juu kabla ya masika, azibue mifereji, azibe nyufa kwa chokaa iliyolowekwa vizuri, na mwakani apande tena. Kazi hiyo haina sherehe wala haikatiwi utepe, na fundi anayeijua hana wa kumrithi asipopewa vijana wa kumshika mkono. Serikali imesema jumba litajengwa upya. Nataka kujua ni nani atakayepanda juu ya paa hilo jipya kila mwaka, na mshahara wake uko kwenye fungu gani.

Naona jiwe limefika safu ya mwisho. Tafadhali lirudisheni mbele, na mlishike kwa mikono miwili, upande mmoja umeshaanza kumeguka.