Kutoka ICU Si Kupona

Assalamu alaykum, hamjambo nyote. Naona wahudumu wa afya ya jamii mmekaa mbele, manesi wa wodini huku kushoto, na wazee wangu na mama zangu mliouguza mko hapo kati, vizuri, maana leo nasema na nyote kwa pamoja, sitaki mtu atoke hapa aseme yale yalikuwa ya madaktari.

Hili wengine mshanisikia nikilisema hapa hapa Malindi na ntalisema tena. Mgonjwa katolewa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kaletwa wodini, jamaa wanapigiana simu mpaka Mambrui, alhamdulillahi katoka, watu wanamiminika na vikapu vya chakula, halafu usiku wa pili anarudishwa mbio na oksijeni usoni. Na huyu anayerudi hatari yake ya kufa ni kubwa kuliko ya yule aliyetoka akatulia, limechunguzwa nchi nyingi hilo, ndio maana hospitali nyingi huko nje zinahesabu wangapi wamerudi ndani ya saa 48 za mwanzo. Na kinachowarudisha wengi ni kifua. Pumzi. Mtu kalazwa kwa tumbo, anarudi kwa pumzi.

Kuna mzee mmoja mvuvi, hospitali siitaji. Kafanyiwa upasuaji wa tumbo, kakaa kwenye mashine ya kupumulia siku kadhaa, akatolewa mpira wa kooni, akawa anazungumza na wanawe. Usiku wa manane kikatakiwa kitanda, akasukumwa wodini. Sasa tazameni, kule ICU alikuwa na nesi wake, nesi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili, anageuzwa, anakohozeshwa, anatazamwa kila saa. Wodini usiku ule nesi mmoja ana wodi nzima. Asubuhi nikalishika faili. Kwenye chati, mstari wa pumzi: 20. Chini yake, 20. Chini yake tena, 20. Binti yake kakaa ubavuni kwenye kigoda, leso kajitanda, ananiambia baba hawezi kumaliza neno, akisema "nipe maji" anasema "nipe", anavuta pumzi, ndio aseme "maji". Nshawaambia tangu alfajiri, asema, wananambia kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni chaonyesha 96, yuko sawa. Nikashika saa yangu nikamhesabia dakika nzima. 34. Shingo inavutika, matundu ya pua yanapanuka, na ile 96 yenyewe ni kwa sababu oksijeni iko puani na mzee anafanya kazi kama anapiga makasia kukabili kusi! Mchana huo huo alirudi kwenye mashine.

Nataka muielewe hiyo 20, maana hapo ndipo hasira zangu zilipo. Mwaka 2012 chuo cha madaktari cha London, Royal College of Physicians, kilitoa mpango wa alama unaoitwa NEWS, unapima vitu vichache tu, pumzi, oksijeni, presha, mapigo ya moyo, fahamu, joto, kila kilichoharibika kinapewa alama. Mtu mzima akipumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika anapata sifuri, yaani hana neno. 21 mpaka 24, alama mbili. 25 kwenda juu, tatu, na tatu kwa kitu kimoja tu inatosha kumwita daktari amtazame haraka. Kwa hiyo ukiandika 20 bila kuhesabu umemuweka mgonjwa ndani ya salama, pale pale mpakani, na hakuna atakayekuja. Yule mzee alistahili tatu kwa pumzi peke yake, na mbili nyengine kwa kuwa yuko kwenye oksijeni. Chati ilisema pumzi sifuri.

Ntaambiwa manesi ni wachache. Ni wachache, najua, nimefanya kazi hizo zamu, na sijaja kumsuta mtu. Lakini dakika moja ni dakika moja. Na iwe dakika nzima, si sekunde kumi na tano ukazidisha kwa nne, ukikosea pumzi moja ushakosea nne. Na usimwambie mgonjwa nakuhesabia, akijua anabadilisha. Mshike mkono kama unapima mapigo, macho yako yawe kifuani, shuka ikipanda ikashuka hiyo ni moja. Mama zangu, hili halitaki cheti. Simu zenu zote zina saa. Hesabu, andika kwenye karatasi, ukiona imepita ishirini na nne usiseme "sista, naona kama anahema", sema "sista, nimemhesabia dakika nzima ni 28". Hapo mtu anainuka.

La pili, usiku. Huko Uingereza mwongozo wa mwaka 2007 wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, umesema wazi, kumtoa mgonjwa ICU kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi kuepukwe kadiri inavyowezekana, kwa sababu wanaotolewa usiku matokeo yao ni mabaya zaidi. Daktari mmoja kijana akanambia, sasa kijana wa bodaboda kaletwa kichwa kimepasuka, mashine ni hiyo moja, nifanyeje? Swali la haki. Mtoe aliye nafuu, lakini huyo nafuu awe keshajulikana tangu alasiri, kwenye raundi mseme akija mtu usiku anatoka fulani, faili lake liandikwe mchana, wodi iarifiwe, na nesi wa ICU aende naye akamkabidhi kwa mdomo mbele ya kitanda. Mnachoniudhi ni kuamua saa saba za usiku kisha faili linatumwa na msukuma kitanda.

Na mtu asije akanambia hospitali yetu hakuna anayerudi. Asiporudi hata mmoja nauliza, mnawaweka mno huko ndani au wanafia wodini? Wako wanaorudi kwa sababu mtu aliwahi kuona, na huyo aliyeona ashukuriwe.

Chakula, haraka haraka. Aliyekuwa na mpira kooni siku nyingi koo linakuwa dhaifu, uji unapita njia ya mapafu. Mnamlaza chali mnamnywesha kwa kijiko kwa mapenzi, naelewa, lakini mpaka akaguliwe kumeza, na akae wima. Akikohoa kila kijiko, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa, acheni hapo hapo mumwite nesi. Dafu pia, dafu ni maji.

Halafu hili la kusema mgonjwa ana majini. Mtu katoka ICU anaona watu ukutani, hamjui mwanawe, mnataka kumtoa hospitali mkamsomee. Msomeeni, mimi ni Muislamu sikatazi Qur'ani, msomeeni pale pale kitandani, lakini nesi aitwe kwanza. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunaweza kuwa ni oksijeni imeshuka, ni maambukizi, ni sukari. Hata huo mpango wa NEWS walipourekebisha 2017 waliongeza kuchanganyikiwa kupya, na kunapewa tatu.

Watu wa Lamu mliokuja, nyinyi mzigo wenu ni mzito zaidi. Mgonjwa akirejeshwa kwenu kutoka huku au Mombasa akazidiwa usiku, ni boti mpaka Mokowe, kisha njia ya Garsen mnaijua, zaidi ya kilomita 200 kufika hapa. Kwa hiyo msikubali ruhusa ya haraka. Ulizeni kabla hamjapanda gari, tangu jana pumzi yake ilikuwa ngapi, oksijeni imetolewa lini, na tukiona nini tumpigie nani, mpewe na namba.

Nilikuwa na la mashine za kufyonza makohozi wodini na la malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali, mgonjwa anaporudi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa na adhana imekaribia. La malipo niulizeni kwenye maswali. Mama pale nyuma mwenye buibui alinyoosha mkono zamani, tuanze na yeye.