Platini za gari la zamani: weka gepu kwanza, taimingi baadaye

Habari zenu watazamaji. Leo tuko kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ya injini ya silinda 4 inayotumia platini, yaani viguso viwili vinavyounga na kukata umeme wa koili inayotengeneza cheche. Tutaweka gepu la platini, yaani nafasi kati ya nyuso zake zikiwa wazi kabisa, kisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka. Mpangilio huu usiupindue, kwa sababu ukigusa gepu, taimingi nayo inahama papo hapo. Anayeanza na taimingi atairudia tu.

Andaa fila (bamba nyembamba za kupimia gepu), bisibisi bapa fupi, spana ya nati ya puli ya mbele, taa ndogo ya volti 12 yenye waya mbili, spiriti kidogo na kitambaa safi. Andaa pia kitabu cha gari lako, maana namba za kitabu ndizo za kufuata. Distribyuta nyingi za Lucas za silinda 4 hutaka gepu la milimita 0.35 hadi 0.40. Volkswagen Beetle hutaka 0.4.

Zima swichi, vuta hendbreki, weka gia huru. Fungua klipu za kifuniko cha distribyuta ukisogeze pembeni na waya zake zote. Hakuna haja ya kuzichomoa. Rota, kipande kinachozunguka juu ya shafti, ivute juu moja kwa moja. Sasa platini hizi hapa.

Zifungue kwa ncha ya bisibisi uangalie nyuso zake. Zikiwa za kijivu na tambarare, ziko sawa. Hizi zetu si nzuri: tazama, upande mmoja una nundu na upande wa pili una shimo. Chuma kimehama kutoka uso mmoja kwenda mwingine, na mara nyingi chanzo ni kondensa (kifaa kidogo kinachopunguza cheche kwenye platini) iliyochoka au isiyolingana na koili. Platini ya namna hii hata kuipima kwa fila ni kujidanganya. Bamba la fila linakaa juu ya nundu, kwa hiyo gepu la kweli ni kubwa kuliko unavyosoma. Badilisha platini na kondensa pamoja. Na msasa uweke mbali kabisa, kwani chembe zake hunasa kwenye chuma na kuharibu mguso.

Platini mpya hutoka kiwandani na utando wa mafuta, ufute kwa spiriti. Ukizifunga mahali pake, kuwa makini na washa za plastiki. Springi ya platini, waya wa kondensa na waya wa koili vinakutana kwenye nguzo moja, na hakuna hata kimoja kinachotakiwa kugusa sahani ya distribyuta. Kikigusa, umeme wa koili unakwenda bodini muda wote, platini ziwe wazi au zimefungwa, na cheche hupati. Gari likigoma kabisa kuwaka baada ya kubadilisha platini, anza kukagua hapo kabla hujalaumu koili.

Sasa gepu. Geuza injini kwa spana kwenye puli, kuelekea upande inakozunguka kawaida. Ukitoa plagi itageuka kwa urahisi. Fuata kwa macho kisigino cha platini, hiki kipande cha faiba kinachopanda kwenye kemu, ile sehemu ya shafti yenye ncha 4. Platini zinafunguka, zinafunguka, halafu unafika mahali ukisukuma kidogo gepu haliongezeki tena. Kisigino kiko juu ya ncha ya kemu. Pima hapo tu.

Legeza skrubu ya platini kidogo, isizidi nusu mzunguko. Ingiza bisibisi kwenye pengo la kurekebishia usogeze. Fila iliyo safi, isiyo na mafuta, ipite ikikwaruza kidogo. Ikisukuma mkono wa platini, gepu ni dogo. Ikipita bila kugusa, ni kubwa. Kaza skrubu, halafu pima tena, kwa sababu kule kukaza kwenyewe huhamisha platini. Pima na ncha 3 zilizobaki. Zikipishana sana, shafti ya distribyuta inacheza au kemu imelika, na hapo fila haikusaidii.

Paka grisi kidogo sana kwenye kemu. Grisi ikizidi, itarushwa hadi kwenye platini na kuziunguza.

Gepu likiwa dogo mno, platini zinafungwa muda mrefu, koili inapata joto na moto, yaani cheche, unachelewa. Likiwa kubwa mno, moto unawahi, na injini ikizunguka kwa kasi koili haipati muda wa kujaa, kwa hiyo inamisi.

Twende kwenye taimingi. Rudisha rota. Geuza injini mpaka alama ya puli ilingane na nyuzi (digrii) zilizotajwa kitabuni, rota ikielekea waya wa silinda ya 1. Ukipita alama, rudi nyuma sana kisha uje tena mbele, ili ulegevu wa cheni usikudanganye. Waya mmoja wa taa uweke kwenye nguzo ya koili inayokwenda distribyuta, mwingine bodini. Washa swichi bila kuwasha injini. Legeza boliti ya kubana distribyuta, uizungushe upande ule inakozunguka rota hadi taa izime, kisha irudishe polepole kinyume chake. Taa inapowaka tu, simama: platini zimefunguka sasa hivi. Kaza.

Ukimaliza zima swichi mara moja. Swichi ikiachwa imewashwa huku platini zimefungwa, koili inachemka.

Funika, rudisha plagi, washa. Ikigonga ukikanyaga mafuta, moto unawahi. Ikiwa nzito, haivuti na inapata joto, moto umechelewa. Baada ya kilomita mia kadhaa fungua upime tena. Kisigino kipya hulika haraka mwanzoni, gepu linapungua, na taimingi inachelewa pamoja nalo.