Kaseti za Spectrum, redio ya Mwanga na bisibisi

ZUHURA: Karibuni tena kutoka Kigoma. Leo tulipanga kompyuta tatu za zamani, kila moja na emuleta yake, yaani programu inayoiga kompyuta nyingine: ZX Spectrum kwa Fuse, Commodore 64 kwa VICE, na Atari ST kwa Hatari. Ila kaka Shaban wiki hii kaletewa mzigo.

SHABAN: Boksi la kaseti za Spectrum, kutoka Ujiji. Kompyuta yenyewe haipo tena, mwenyewe anataka programu zake zifunguke kwenye laptopu. Nimeazima redio kaseti kwa fundi pale Mwanga, na huko ndiko kwenye kazi.

ZUHURA: Tuanze na Fuse basi, msikilizaji ajue tunaelekea wapi.

SHABAN: Kwenye Debian, ule mfumo wa Linux, ruhusu kwanza sehemu ya non-free, ya programu zisizo huria, halafu: sudo apt install fuse-emulator-gtk fuse-emulator-utils spectrum-roms. Fuse ni programu huria, leseni ya GPL. Ile ROM ya KB 16, kumbukumbu ya kudumu ya Spectrum yenye lugha ya BASIC, ndiyo siyo huria. Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta za Sinclair mwaka 1986, na mwaka 1999 ikaruhusu ROM isambazwe pamoja na emuleta. Ndiyo maana inakaa kwenye pakiti yake peke yake.

ZUHURA: Haya, kaseti.

SHABAN: Kabla ya kuicheza, ipeleke mbele mpaka mwisho, kisha irudishe yote. Utepe uliokaa miaka unagandana, na ukigandana ndani ya redio unaliwa. Safisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na lile gurudumu la mpira kwa pamba yenye spiriti, acha pakauke. Halafu bisibisi.

ZUHURA: Mapema hivi?

SHABAN: Ndiyo mapema, dada. Pembeni ya hedi kuna skrubu yenye springi. Hiyo ndiyo inayoweka pembe ya hedi dhidi ya utepe. Redio iliyorekodi na redio inayocheza zikitofautiana pembe, sauti nyembamba zinafifia. Na Spectrum imeandika data yake kwa sauti: biti ya sifuri ni kama hezi 2,000, biti ya moja ni kama hezi 1,000. Sifuri ndiyo inayoanza kupotea.

ZUHURA: Mtu aguse vipi bila kuiharibu redio ya watu?

SHABAN: Weka alama kwa rangi ya kucha mahali skrubu ilipo sasa. Bonyeza play, sikiliza kwa hedifoni, zungusha taratibu, usivuke robo mzunguko. Sauti ikiwa kali kabisa, acha. Na bisibisi isiwe na sumaku. Hedi ikishika sumaku, kila kaseti itakayopita inaongezewa kelele.

ZUHURA: Na ukimaliza, skrubu inarudi kwenye alama.

SHABAN: Ukimaliza kaseti hiyo. Inayofuata huenda ilirekodiwa kwenye redio nyingine, kwa hiyo unaanza upya.

ZUHURA: Yaani bisibisi haitoki mkononi! Mimi niseme waya, maana wengi watakwama hapo. Laptopu nyingi sasa zina tundu moja la hedifoni na maiki pamoja. Ukichomeka waya wa kawaida wenye pete mbili nyeusi, laptopu inadhani ni hedifoni tu na hairekodi chochote. Tafuta kadi ndogo ya sauti ya USB yenye tundu lake la maiki. Nyingi zinarekodi chaneli moja tu. Ukipata yenye laini ya kuingiza sauti ya stereo, ndiyo bora.

SHABAN: Stereo kwa nini, wakati data ni moja?

ZUHURA: Kwa sababu ya pembe yako hiyohiyo. Hedi ya stereo ikikaa upande, chaneli mbili zinapishana kidogo. Ukizichanganya kuwa mono, sauti nyembamba zinafutana. Rekodi zote mbili kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, sampuli 44,100 kwa sekunde, kisha chagua iliyo safi, nyingine futa. Kilele kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Zima Dolby, zima ikwalaiza, zima kuondoa kelele. Na mtu asinitumie kaseti kama vois noti ya WhatsApp. Sauti ile imebanwa kwa ajili ya maneno ya mtu, mipaka ya mapigo inalainika.

SHABAN: Na sikio linasaidia. Faili zima linasikika hivi: mluzi wa sekunde 5, mkwaruzo mfupi sana, mluzi wa sekunde 2, halafu mkwaruzo mrefu. Ule mfupi ni kichwa, baiti 19: moja ya alama, 17 za jina na urefu, moja ya ukaguzi. Mluzi ukiyumba kama mtu anaimba, mkanda wa mota umelegea. Hapo bisibisi haisaidii, badilisha mkanda.

ZUHURA: Alhamdulillahi, limepatikana lisilohitaji bisibisi.

SHABAN: Lakini kufungua redio ili ubadilishe mkanda unatumia nini?

ZUHURA: Endelea, Shaban.

SHABAN: Ukipata WAV, faili la sauti uliyorekodi, ligeuze kuwa TZX, faili la kaseti linalosomwa na emuleta: audio2tape kaseti.wav kaseti.tzx. Kisha tzxlist kaseti.tzx ikuoneshe vipande. Kichwa kikikosekana, rudi kwenye redio. Vikitimia, WAV futa.

ZUHURA: Hapana. Hapo sikubali.

SHABAN: Piga hesabu. Stereo ni MB 10 na zaidi kwa dakika. Kaseti ya dakika 60 ni kama MB 635, na programu zenyewe kila moja haifiki KB 48. Boksi zima litakaa kwenye laptopu ya nani? Na akitaka kumtumia mwanawe Dar, ni bando la nani?

ZUHURA: Baki na chaneli moja, ibane kwa FLAC, mbano wa sauti usiopoteza hata sampuli moja. Ile baiti ya ukaguzi ni XOR tu, hesabu ya kulinganisha biti kwa biti. Biti mbili zikikosewa nafasi ileile kwenye baiti mbili tofauti, makosa yanafutana na ROM inasema salama. Utagundua mwaka kesho programu inapokwama katikati, na utepe utakuwa umeoza.

SHABAN: Hilo ni nadra. Rekodi mara mbili, linganisha TZX mbili. Zikifanana, umemaliza.

ZUHURA: Pembe ikiwa mbaya, zitafanana kwa kosa lilelile. Programu ya kusoma ikiboreshwa kesho, utaipa nini iisome?

SHABAN: Nitaipa TZX.

ZUHURA: TZX ni tafsiri ya programu moja ya kile ilichosikia. Sauti ndiyo asili.

SHABAN: Mwenye kaseti kaomba programu zifunguke. Hajaomba makavazi.

ZUHURA: Na mimi nasema zote mbili ni haki yake.

SHABAN: Basi kila mmoja abaki na lake. Saa inasemaje?

ZUHURA: Imetutupa. VICE na Hatari hazimo leo. Maliza Fuse haraka.

SHABAN: F3, chagua faili. Isipojianzisha yenyewe: bonyeza J, litatokea neno LOAD. Shika Ctrl, bonyeza P mara mbili upate alama za kunukuu, halafu Enter, halafu F8 kaseti ianze. Kingo zikiwa nyekundu na samawati, imeshika mluzi. Bluu na njano, inasoma data. Ikiandika R Tape loading error...

ZUHURA: Usiseme.

SHABAN: ...bisibisi.