Somo Hatoki Nyumbani

Asalaam alaykum, na habari za alasiri. Wazee wangu, shikamooni. Nawashukuru akina mama wa hapa Tanga mlioniita, na nawashukuru pia akina baba watatu ninaowaona karibu na mlango. Sogeeni, tafadhali, maana haya ni yenu vilevile. Nitafika huko.

Nianze na simu. Siku niliyopewa majibu ya kipimo cha vinasaba nilitoka nje, nikakaa chini ya mwarobaini, nikaishika simu. Majibu yalisema nina kasoro katika jeni, yaani kipande cha vinasaba, iitwayo BRCA1. Mama yetu alikufa kwa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, akiwa na miaka 51. Mama mdogo alikuwa ametangulia kwa saratani ya titi. Mimi nilikuwa na miaka 38, sina uvimbe, sina maumivu, na asubuhi ile nilikuwa nimetoka kufundisha vipindi vitatu. Nikaanza kuyapitia majina. Dada yangu: nikimpa habari yangu nimempa na yake. Mdogo wetu: ana mimba ya miezi saba. Bibi: amekwisha kuzika mabinti wawili. Binti yangu: ana miaka 16. Nikashuka mpaka jina la mwisho, nikarudi juu, nikaizima simu. Ukoo mzima unaonipenda, na sikuona hata mmoja ambaye ningeweza kumlilia bila kumjeruhi.

Ndiyo maana nimesimama hapa. Mwenye maradhi mengine huuguzwa na ndugu zake. Sisi wa maradhi ya kurithi, ndugu anapotuuguza anajiona mwenyewe kitandani.

Tuelewane kwanza ni kitu gani, kwa sababu maneno mengi ya mtaani yana makosa. Sisi sote humu ndani, wake kwa waume, tuna BRCA1 na BRCA2. Kazi yake ni ya fundi: vinasaba vikikatika ndani ya seli, jeni hizi husaidia kuviunga. Kila mtu ana nakala mbili za kila moja, ya baba na ya mama. Aliyerithi nakala moja mbovu amebaki na fundi mmoja, na katika seli ambayo fundi huyo naye ameharibika, saratani hupata mlango. Mzazi mwenye kasoro, awe baba au mama, kila mtoto wake anarushiwa shilingi: nusu kwa nusu, na kila mtoto ana shilingi yake. Msiseme wawili wa kwanza wamepata kwa hiyo wa tatu amepona. Hesabu haiendi hivyo.

Na ni kwa kiasi gani? Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, kama 72 hupata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na 44 hupata ya ovari. Kwa BRCA2 ni 69 na 17. Lakini msiondoke hapa na hofu isiyowahusu: saratani nyingi za titi hazirithiwi. Zinazotokana na kurithi jeni yenye kasoro ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Ishara ya ukoo ni pale wagonjwa wanapofuatana, wakiwa vijana, titi na ovari katika mti mmoja, au mwanamume mwenye saratani ya titi.

Elimu hii ni changa. Mwaka 1990 Mary-Claire King, mwanasayansi wa Marekani, alionyesha kwamba jeni ya kwanza imekaa katika kromosomu ya 17, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Yenyewe ikapatikana 1994, na ya pili 1995. Kwa hiyo bibi mdogo wetu alipokufa na kidonda cha titi miaka ya 1970, hakukuwa na daktari popote duniani ambaye angeweza kutwambia kwa nini. Ukoo ukajijibu wenyewe. Wakasema ni mkono wa mtu, na mtu huyo wakamtaja: jirani, mjane, muuza maandazi. Nimekua naambiwa nisipokee kitu chake. Yule mama alikufa bila kuombwa radhi, na mimi kila nikisoma yale majibu yangu namkumbuka yeye.

Basi baada ya mkono wa mtu kukaja ukimya. Shangazi mmoja alinieleza wazi, na hakuwa na nia mbaya: "Ukilisema hilo, wasichana wetu hawatapata posa." Wanawake wa pwani mnalijua neno hili lina uzito gani. Mwaka 2013 Angelina Jolie alipotangaza kwamba ametolewa matiti kwa sababu ya jeni hiyohiyo, redio zililitaja mpaka huku, na nyumbani kwetu wakasema hayo ni mambo ya watu wa filamu. Mama alikuwa hai wakati huo. Hakusema kitu. Akaendelea kuchambua mchele.

Sasa niwaulize jambo mnalolijua kuliko mimi. Binti akivunja ungo, ni nani anayemfunda? Mama yake? Hapana. Mama yuko jikoni, na anayeketi na mwali ni somo. Wazee wetu hawakufanya hivyo kwa kuwa mama hajui. Mama anajua yote, ila yuko karibu mno. Mambo ya mwili yanataka mtu aliyeyapitia, anayekutakia heri, lakini asiyekuwa mama yako wala dada yako, ili uweze kuuliza ya aibu na yeye aweze kujibu bila kutetemeka. Nilikuwa nimezaliwa ndani ya mila hiyo, na bado ilinichukua miezi kufahamu kwamba nilichokuwa nakitafuta ni somo.

Na kote duniani wanawake walilifikia hilohilo kwa njia zao. Marekani, miaka ya 1950, mama mmoja aitwaye Terese Lasser, baada ya kukatwa titi, alianza kwenda wodini kwa wanawake waliokatwa karibuni. Hakuwa daktari. Alikwenda na kitambaa cha kujazia sidiria, mpira wenye kamba wa kunyooshea mkono, na ushahidi wa mwili wake mwenyewe kwamba mtu huamka tena na kuvaa. Madaktari wengine walikasirika, wakamwona anaingilia kazi yao. Hakuacha. Mwaka 1999, hukohuko Marekani, Sue Friedman, daktari wa mifugo aliyepata saratani ya titi akiwa na miaka 33 na kuja kugundua baadaye kuwa ni ya kurithi, alianzisha shirika la FORCE kwa ajili ya koo kama zetu. Humo ndimo ilipojitokeza haja ya jina. Mwenye kasoro ambaye hajaumwa aitweje? Mgonjwa siye, na mzima kama wengine siye. Wakaunda neno la Kiingereza lenye maana ya aliyenusurika kabla. Mimi na wenzangu tunajiita wakeshaji, kwa sababu tuko macho wakati nyumba imelala, na tunajua tunasubiri nini.

Haja ya jina hilo niliijua kwa uchungu. Kikundi cha kwanza nilichojiunga nacho kilikuwa cha wagonjwa wa saratani. Watu wema. Lakini siku ya pili mama mmoja aliyekuwa katikati ya dawa aliniuliza mbele ya wote, "Wewe huumwi, hapa umefuata nini?" Sikumlaumu na simlaumu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi na yeye vitanda vyetu vilikuwa viwili. Nikaondoka nikiona aibu, kama niliyekula msiba usiokuwa wangu.

Aliyenisaidia ni muuguzi. Nilimwomba namba ya mwanamke yeyote mwenye majibu kama yangu. Akanijibu, "Siwezi kukupa yake. Nipe yako, nimwombe yeye." Likamateni hilo, maana ndiyo njia bora niliyoiona mpaka leo: namba yako ndiyo isafiri, ya mwenzio ibaki kwake mpaka aridhie mwenyewe. Siku tisa baadaye, Alhamisi saa tatu usiku, ikaingia simu kutoka Mombasa. Neno lake la kwanza: "Umekula?" Kisha akasema, "Mimi ni BRCA1. Nimetoa ovari na mirija ya uzazi, kisha matiti, mwaka wa tatu huu. Uliza lolote, hata la chumbani."

Niliuliza ya chumbani. Niliuliza na mengine. Daktari alikuwa ameshanieleza kwamba saratani ya ovari haina kipimo cha kuaminika cha kuikamata mapema, na kwamba kwa BRCA1 hushauriwa kutoa ovari na mirija kati ya miaka 35 na 40, baada ya kumaliza kuzaa. Hayo niliyasikia. Ila somo ndiye aliyenieleza joto ambalo, ovari zikishatolewa, hupanda saa nane za usiku mpaka khanga unaikamua, na kwamba wiki za mwanzo nitalia kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye mchuzi. Alinieleza namna ya kuifungia ndani ya dera mirija ya kutolea maji baada ya upasuaji wa titi, na kuweka mto mdogo kwapani ndani ya gari. Alinieleza alivyomwonyesha mumewe kovu, kwa taa iliyowaka, siku aliyoichagua yeye. Na hakuniambia hata mara moja "fanya" au "usifanye". Nilipomsukuma alisema, "Mwili wako una daktari wako. Mimi nina habari zangu tu."

Hapo mtamjua somo wa kweli. Anayewauzia dawa ya kuchemsha inayozibua jeni, mkimbieni. Jeni haizibuliwi. Anayewaambia kupimwa ni kukosa imani, mwacheni na heshima zake.

Akina baba, nimefika kwenu. Kaka yetu alisema hiki ni kitu cha wanawake. Lakini jeni haikuuliza. Mwanamume huirithi sawasawa na huwapa watoto wake sawasawa, na BRCA2 hasa humwongezea yeye mwenyewe hatari ya saratani ya tezi dume, na hata ya titi. Kaka alikubali kuzungumza siku alipopata mwanamume mwenziwe wa kuzungumza naye. Mkewe na sisi dada zake wote tulikuwa tumeshindwa. Sasa hao wawili huenda kutazama mpira, na katikati ya mpira, najua, huulizana.

Sitawaficha upande mwingine. Sisi wakeshaji tulianza sita. Mmoja wetu alikuja kwetu akiwa tayari na saratani ya ovari, ikatulia, ikarudi. Alikuwa na sauti nzuri ya kaswida. Alipofariki, wawili katika sisi walinyamaza miezi mitatu, hawapokei simu, na niliwaelewa: kila mkeshaji alikuwa ameliona jeneza lake. Ukitafuta mwenzio katika jambo hili umekubali kwamba huenda ukamzika. Nilimuuliza somo kama ingekuwa nafuu tusingejuana na marehemu. Akanyamaza, kisha akasema yule mwenzetu katika wiki zake za mwisho alitupigia simu sisi tu, kwa sababu kwa watoto wake alikuwa anajifanya hana maumivu.

Binti yangu sasa ana miaka 23. Kupima ni uamuzi wake, na ameshaniomba nisimuulize.

Na dada yangu. Nilipomwambia hatimaye, hakuzungumza nami kwa karibu miaka miwili. Kisha siku moja, tukiosha vyombo baada ya hitima ya Bibi, bila kunitazama, akasema, "Yule mtu wako wa Mombasa bado yupo?" Sikumpa namba. Nilimwomba yake, nikaipeleka.

Kama dada amepima, sijui. Ila Alhamisi saa tatu usiku simu yake huwa inatumika, na mimi saa hiyo simpigii.