Si Ugomvi wa Isaka na Ishmaeli

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika kwa wingi.

Kila nikizungumzia Israeli na Palestina, hainuki mtu ila ataniambia kwamba haya yaliandikwa: Isaka na Ishmaeli, watoto wa baba mmoja, ugomvi wao hauishi mpaka kiama. Wengine wameyasikia kanisani, wengine msikitini. Imani ya kila mmoja wenu naiheshimu. Lakini maelezo hayo nayapinga, kwa sababu yanawasafisha watu walioamua mambo, na maamuzi yao yana tarehe na saini.

Tuanzie kwetu. Aprili 1903 Wayahudi walichinjwa katika mji wa Kishinev, kwenye himaya ya Urusi. Mwaka huohuo Uingereza ilimtolea Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka taifa lao wapate nchi yake, pendekezo la kuwapa Wayahudi ardhi Afrika Mashariki: uwanda wa Uasin Gishu, uliko mji wa Eldoret leo. Mkutano mkuu wa Wazayuni ukalijadili kule Basel, ukatuma watu waje kukagua, na mwaka 1905 ukalikataa. Wanandi na Wamasai waliochunga mifugo huko hakuna aliyewauliza. Hapo pana mambo mawili: watu wanaokimbia kifo cha kweli, na dola inayogawa ardhi ya wengine. Ndiyo yaliyokwenda kukutana Palestina.

Novemba 2, 1917, Arthur Balfour, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliandika barua ya kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi Palestina. Katika kila wakazi kumi wa nchi ile, takriban tisa walikuwa Waarabu. Barua haiwataji. Inasema tu jamii zisizo za Kiyahudi.

Kisha Wanazi wakaua Wayahudi milioni sita Ulaya. Novemba 29, 1947, Umoja wa Mataifa ukapiga kura nchi igawanywe. Viongozi wa Kiyahudi wakakubali, wa Kiarabu wakakataa, vita vikazuka. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au wakafukuzwa, na wengi hawakuruhusiwa kurudi. Wenyewe wanaiita Nakba, yaani janga. Miaka iliyofuata, Wayahudi kwa mamia ya maelfu waliondoka Iraki, Yemeni, Misri na Moroko, wengi wakiacha mali zao nyuma.

Nitakaa zaidi kwenye mikataba ya Oslo, kati ya Israeli na viongozi wa Wapalestina, maana watu huitaja bila kujua ilichofanya. Wa kwanza ulitiwa saini Washington Septemba 13, 1993. Wa pili, Septemba 1995. Huo wa pili uliukata Ukingo wa Magharibi, ambao Israeli iliuteka mwaka 1967, katika maeneo matatu. Eneo A ni miji mikubwa, chini ya Mamlaka ya Palestina, yaani utawala wa Wapalestina wenyewe. Eneo B, Wapalestina wanashughulikia mambo ya kiraia, Israeli inashika usalama. Eneo C, kama asilimia 60 ya ardhi yote, liko mikononi mwa Israeli. Yote hayo yalikuwa ya mpito, ya miaka mitano, yaishe Mei 1999. Maswali mazito yakawekwa kiporo: Yerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi, yaani Waisraeli waliohamia kwenye ardhi hiyo iliyotekwa, mipaka, ulinzi.

Mei 1999 ikapita. Hadi leo Mpalestina wa Eneo C akitaka kuongeza chumba au kuchimba kisima, lazima apate kibali cha utawala wa kijeshi wa Israeli, na ni wachache sana wanaokipata. Akijenga bila kibali, tingatinga hubomoa. Walowezi, ukiacha Yerusalemu Mashariki, walikuwa kama 110,000 mwaka 1993. Sasa ni takriban nusu milioni. Niambieni, Isaka yuko wapi katika hesabu hiyo?

Waliotaka amani ile ife walikuwa pande zote mbili. Februari 1994 mlowezi Baruch Goldstein aliwapiga risasi Waislamu waliokuwa wakiswali katika msikiti wa Ibrahimi, Hebron, akaua 29. Hamas, kundi la Wapalestina lenye silaha, ikalipua mabasi yaliyojaa raia. Novemba 4, 1995, Waziri Mkuu Yitzhak Rabin aliuawa na Myahudi mwenzake.

Oktoba 7, 2023, Hamas na washirika wake waliua watu wapatao 1,200 kusini mwa Israeli, wakateka 251. Vijana wetu wawili wa Kitanzania, waliokwenda kujifunza kilimo, walikuwa miongoni mwa waliouawa. Israeli ilipojibu, Gaza, eneo la Wapalestina lililokuwa chini ya Hamas, ilipoteza watu makumi ya maelfu, watoto wengi mno, na mitaa mizima ikageuka kifusi. Mimi siwezi kuwalilia hawa nikawanyamazia wale, na sitaki mtu anichagulie.

Tanzania ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaurejesha miaka ya tisini, na tangu 2018 ina ubalozi Tel Aviv. Palestina ina ubalozi Dar es Salaam. Watu wa kuwauliza tunao. Waulizeni kuhusu Eneo C, kuhusu mabasi yale, kuhusu Mei 1999.

Karibuni kwa maswali.