Baridi yabisi, na ile siku moja ya wiki

ZUHURA: Karibuni tena. Dokta Elia yupo mbele yangu na karatasi yake ya mambo matatu: chanzo cha baridi yabisi, vipimo, tiba. Ila kabla hajaanza, kuna bahasha ya dawa iliyofika kwenye dirisha letu la dawa Jumanne.

ELIA: Ile ya J3?

ZUHURA: Hiyo hiyo. Ndani kuna vidonge vya methotreksati, dawa ya baridi yabisi, vya miligramu 2.5, juu pameandikwa kwa kalamu "4 J3". Aliyeandika alikusudia vidonge vinne kila Jumatatu. Binti wa mgonjwa akauliza, "Dada, ni vinne mara tatu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Bahasha zote alizowahi kushika zimeandikwa 1x3 au 2x2.

ELIA: Vinne mara tatu ni vidonge kumi na viwili, yaani miligramu 30 kwa siku, 210 kwa wiki. Na dozi aliyoandikiwa ni 10 kwa wiki nzima.

ZUHURA: Mara ishirini na moja. Bahati nzuri aliuliza kabla mama hajameza.

ELIA: Wasikilizaji waelewe kwa nini hili linatutisha. Methotreksati huzuia chembe za mwili kutumia foleti, vitamini ya kujengea chembe, na bila foleti chembe haigawanyiki. Kwa dozi kubwa ni dawa ya saratani. Kwa dozi ndogo ya mara moja kwa wiki inatuliza kinga, na Marekani iliidhinishwa kwa baridi yabisi mwaka 1988. Ukiimeza kila siku, zinazoumia kwanza ni chembe zinazozaliwa haraka: utando wa mdomo, utumbo, uboho wa mifupa. Utaona vidonda mdomoni na kuharisha, kisha homa, kisha mtu anatoka damu kwenye fizi kwa sababu chembe sahani, zile za kugandisha damu, zimeshuka.

ZUHURA: Akifika hapo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na chupa au bahasha ya dawa mkononi. Tiba yake ni asidi ya foliniki. Siyo foliki ile ya wajawazito. Foliki haiwezi kuokoa aliyezidisha.

ELIA: Sawa. Sasa chanzo...

ZUHURA: Ngoja, wewe huwa unamwandikia mgonjwa aimeze siku gani?

ELIA: Jumapili jioni. Watu hawaisahau Jumapili.

ZUHURA: Wanaokwenda kanisani hawaisahau. Kwa wengine ni siku kama nyingine. Mwenzako mmoja anaandika "Ijumaa usiku". Kwa wazee wengi wa pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Mzee anameza Alhamisi, kesho yake kijana wake anasoma bahasha na kumpa tena. Dozi mbili ndani ya saa ishirini na nne.

ELIA: Basi tuandike mchana. Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Mchana wa Jumamosi hauna utata kwa mtu yeyote, na kichefuchefu kikija kinamkuta nyumbani.

ZUHURA: Nakubali Jumamosi. Na jina la siku liandikwe lote, siyo J1. Halafu foliki ya kupunguza madhara?

ELIA: Miligramu 5, mara moja kwa wiki, siku nyingine. Jumanne.

ZUHURA: Mchana?

ELIA: Mchana, Zuhura.

ZUHURA: Nauliza kwa sababu vidonge vyote viwili mara nyingi ni vidogo na vya njano. Akivichanganya, anaweza kumeza methotreksati Jumamosi na tena Jumanne. Bahasha mbili tofauti, na ile ya methotreksati iandikwe kwa wino mwekundu: MARA MOJA TU KWA WIKI.

ELIA: Sasa niruhusu nirudi kwenye karatasi. Baridi yabisi ninayoizungumzia ni kinga ya mwili kugeukia utando wa ndani wa viungo. Utando unavimba, unanenepa, unakula gegedu na mfupa. Kuna urithi ndani yake, na uvutaji wa sigara unaongeza hatari. Wanawake hupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Dalili ni vifundo vya vidole na viwiko vya mikono kuvimba pande zote mbili, asubuhi mikono imekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, na hali hiyo imepita wiki sita. Goti moja la mzee linalouma akipanda ngazi ni jambo jingine.

ZUHURA: Na RF, kile kipimo cha damu cha baridi yabisi?

ELIA: RF peke yake inadanganya. Inaweza kuwa chanya kwa mwenye kifua kikuu au homa ya ini ya virusi C, na inaweza kuwa hasi kwa mgonjwa halisi. Kipimo kingine cha damu, anti-CCP, ni sahihi zaidi. Lakini kabla ya kidonge cha kwanza cha methotreksati nataka picha kamili ya damu, ini, figo, homa ya ini B na C, VVU, picha ya kifua, na kipimo cha mimba. Damu, ini na figo virudiwe kila wiki mbili hadi nne kwa miezi mitatu ya kwanza.

ZUHURA: Ndiyo maana natoa dawa ya wiki nne tu. Vidonge kumi na sita. Arudi na majibu ya damu, nimpe vingine.

ELIA: Hapo hatuelewani. Mgonjwa wangu anatoka Kigoma hadi Dar es Salaam. Nauli ya kila mwezi ataitoa wapi? Dawa hii inachukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha nguvu yake. Ikikatika wiki ya tano, anaona haifanyi kazi, anakwenda duka la dawa kununua deksamethasoni, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Viungo vinatulia, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, na akiiacha ghafla baada ya miezi anaanguka. Mpe ya miezi mitatu. Damu apimwe kwao, majibu yatumwe kwa simu.

ZUHURA: Miezi mitatu ni vidonge arobaini na vinane au zaidi ndani ya nyumba moja. Akikosea siku, anakosea akiwa na vidonge vya kumuua.

ELIA: Vifungwe vinne vinne, kila pakiti na tarehe yake.

ZUHURA: Nani afunge? Hii haihesabiwi kwenye sinia inayohesabiwa amoksilini ya watoto. Inahitaji sinia yake, glavu, na vidonge visivunjwe. Nikiwa peke yangu na foleni ya watu sitini sitaifanya vizuri, na isipofanywa vizuri isifanywe.

ELIA: Mimi bado nitaandika miezi mitatu.

ZUHURA: Na mimi nitatoa wiki nne.

ELIA: Mgonjwa anabaki katikati.

ZUHURA: Anabaki hai. Fundi mitambo ananyoosha vidole viwili. Dakika mbili.

ELIA: Sijagusa dawa nyingine: salfasalazini, haidroksiklorokwini, wala prednisoloni ya kuvukia wiki za mwanzo. Karatasi nzima ya tiba imebaki.

ZUHURA: Iache. Tumia dakika hizi kwa Septrin.

ELIA: Kweli. Anayetumia methotreksati asimeze Septrin, hata ya siku tatu kwa ajili ya mkojo. Zote zinabana foleti, na uboho unaweza kuzima ghafla. Mwambie kila anayekuandikia dawa kwamba unatumia methotreksati, hata kama hajakuuliza.

ZUHURA: Na kuna dada ameuliza kuhusu mimba. Anaimeza sasa, anataka mtoto mwakani.

ELIA: Aendelee na uzazi wa mpango mpaka tumbadilishie dawa na muda wa kusubiri upite. Methotreksati huharibu mimba, kwa hiyo iachwe angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, na madaktari wengi husubiri mitatu. Asiiache mwenyewe kimyakimya, aje kwanza...

ZUHURA: Aje lini?

ELIA: Siku yoyote ya kliniki, Zuhura.

ZUHURA: Tumeisha muda.